Kingo za Mto Kalambo na Afya ya Mtoto wa Ufipa

Mto Kalambo si mto mkubwa. Huanzia kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, hukusanya vijito vya huku na huku ukielekea magharibi, kisha hudondoka ghafla zaidi ya mita 200 na kumalizia safari yake katika Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita 770 hivi. Watalii huujua kwa maporomoko hayo na kwa ndege wakubwa wanaozalia katika kuta zake za mawe. Kwa wakazi wa Wilaya ya Kalambo upande wa Tanzania, na wa Wilaya ya Mbala upande wa Zambia, mto huu ni maji ya kupikia, ya kufulia, ya kunyweshea ng'ombe na ya kumwagilia mboga wakati wa kiangazi. Tena ni mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliotiwa saini Berlin mwaka 1890 uliamua kwamba kuanzia pale mkono wa kaskazini wa mto unapokutana na mkono wa kusini, mpaka ufuate maji hadi ziwani. Walungu na Wamambwe, ambao hadi leo wanaishi pande zote mbili, hawakuulizwa.

Makala haya yameandikwa na daktari wa watoto, na msomaji ana haki ya kuuliza daktari wa watoto anatafuta nini mtoni. Jibu limo katika takwimu moja inayoufedhehesha Mkoa wa Rukwa. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Katika utafiti kama huo wa mwaka 2015 hadi 2016, Rukwa ilikuwa na asilimia 56. Tunasema habari za mkoa ambao kila msimu hutajwa miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa kwa mahindi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba watoto hulishwa ugali na uji mtupu, na maghala hujaa chakula cha aina moja. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili imo katika maji, na katika vile vinavyoingia kwenye maji kabla hayajafika mtungini.

Kazi ya kuhifadhi kingo za mito yetu imekuwa ikifundishwa kama kazi ya watu wa misitu na mazingira. Waelimishaji huja na miche, hutaja mabadiliko ya tabianchi, huhimiza utalii, kisha huondoka. Mimi nasema kwamba katika wilaya kama Kalambo kazi hii ni chanjo ya aina yake, na idara ya afya ingepaswa kuidai kama yake. Nasema pia kwamba haitafanikiwa iwapo kila mara itamfikia mama mwenye bustani kandokando ya mto ikiwa katika sura ya katazo.

Tope, kinyesi na utumbo wa mtoto

Ukingo wa mto wenye uoto wake wa asili ni kama chujio. Mvua kubwa inaponyesha juu ya mteremko, maji huteremka na udongo, majivu, mbolea na kinyesi cha watu na cha wanyama. Yakikutana na ukanda wa matete, nyasi ndefu, mikuyu na vichaka, hupunguza mwendo, sehemu yake huzama ardhini, na mzigo mkubwa hubaki juu ya majani. Ukanda huo ukifyekwa na kulimwa hadi ukingoni, mzigo wote huingia mtoni kwa siku moja. Ndiyo sababu katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, vijito vingi vya Ufipa huwa na rangi ya chai ya maziwa.

Rangi hiyo ina maana yake kitabibu. Tunawafundisha akina mama kutibu maji kwa klorini, na klorini ni dawa njema: huua vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo kwa muda mfupi. Hata hivyo klorini haichagui adui. Ikitiwa katika maji yenye tope, hutumika kwanza kupambana na udongo na mabaki ya majani, na kinachobaki huenda kisitoshe kuua bakteria waliojificha ndani ya chembe za tope. Kwa hiyo maelekezo ya kawaida ni kuongeza kipimo maradufu maji yakiwa machafu. Familia iliyopewa vidonge vya mwezi mmoja hujikuta ina vya wiki mbili, tena katika msimu uleule ambao barabara hazipitiki na duka la dawa liko mbali.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofuatilia watoto wenye kuhara kwa kiwango cha kati na kikali katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya na Msumbiji. Virusi vya rota vilishika nafasi ya kwanza kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, jambo ambalo tulilitarajia. Kilichotushangaza wengi ni nafasi ya pili: kimelea kiitwacho kriptosporidia, ambacho kabla ya hapo wengi wetu tulikihusisha zaidi na wagonjwa wa UKIMWI. Tanzania imekuwa ikitoa chanjo ya rota kwa watoto wote tangu mwaka 2013. Dhidi ya kriptosporidia hakuna chanjo, na dawa zilizopo ni dhaifu kwa mtoto mwenye utapiamlo. Kubwa kuliko yote, gamba la kimelea hiki ni gumu kiasi kwamba klorini ya kawaida ya majumbani haikiui. Kukichemsha kunakiua. Lakini kuchemsha kunahitaji kuni, na kuni zinatoka katika misitu ileile tunayoiomba ibaki.

Sehemu ya vimelea hivi hutoka kwa binadamu, na sehemu hutoka kwa ndama. Ndama anayeharisha akinyweshwa mtoni huacha majini vimelea visivyohesabika, na vichache tu vinatosha kumwangusha mtoto wa miezi tisa. Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la maskini peke yao. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee nchini Marekani, wenye mitambo ya kusafisha maji na klorini ya kutosha, uliugua kwa kimelea hikihiki. Waliopatwa na maradhi walikadiriwa kuwa takriban watu 400,000. Miaka minne baadaye Jiji la New York, lililotakiwa kujenga mtambo wa kuchuja maji kwa gharama ya kutisha, liliingia makubaliano na wakazi wa milima ya Catskill ambako maji yake yanatoka. Jiji likawagharamia wafugaji na wakulima ili ng'ombe wazuiwe kuingia vijitoni na kingo zirudishiwe miti. Wakubwa wale walipiga hesabu na kuona kwamba ni rahisi zaidi kumlipa mfugaji wa juu ya mto kuliko kusafisha alichokichafua. Sisi wa Rukwa, ambao hatuna uchaguzi wa kujenga mtambo wa mabilioni, tuna sababu kubwa zaidi ya kupiga hesabu hiyo.

Turudi kwa mtoto. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi siku baada ya siku, hata asipoharisha, vijinyweleo hivyo hufupika na kubabuka, ukuta huanza kuvuja, na mwili hubaki katika hali ya uvimbe wa chinichini usioisha. Chakula anachokula hakifyonzwi ipasavyo, na kile kinachofyonzwa hutumika kupambana badala ya kurefusha mifupa. Hapo ndipo mama hutuambia kliniki, kwa haki kabisa, kwamba mwanawe anakula vizuri. Anakula. Utumbo wake ndio usiokula.

Msomaji makini atauliza kama kutibu maji nyumbani, kujenga choo na kunawa mikono hakutoshi. Swali hilo limepimwa. Majaribio makubwa yaliyofanyika magharibi mwa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2018 na 2019, yaliwapa maelfu ya familia klorini, vyoo bora na sabuni. Urefu wa watoto haukuongezeka. Ni lishe ya nyongeza iliyosaidia, nayo kwa kiasi. Wapo waliohitimisha kwamba usafi hauna kazi, na hilo ni kosa la kufikiri. Mimi nayasoma matokeo hayo kama wengi wa fani yetu wanavyoyasoma: hatua za ndani ya nyumba zilikuwa ndogo mno kulinganisha na uchafu uliomzunguka mtoto, wa ng'ombe, wa kuku, wa udongo, wa chanzo chenyewe cha maji. Kampeni ya Nyumba ni Choo ina faida nyingi na iendelee. Lakini choo cha kijiji kimoja hakizuii zizi la kijiji kilicho juu ya mto.

Jua linapofika majini

Wakazi wa uwanda wa Ufipa wamezoea kuiona malaria kama ugonjwa wa mabondeni, wa mwambao wa Tanganyika na wa bonde la Rukwa. Baridi ya juu imekuwa kinga yao. Watafiti waliofanya kazi katika Wilaya ya Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, nyanda za juu zenye baridi kama zetu, walichapisha mwaka 2000 matokeo yanayotuhusu moja kwa moja. Walilinganisha vijiji vilivyopakana na mabwawa ya mafunjo ya asili na vijiji vilivyopakana na mabwawa yaliyofyekwa na kulimwa. Kwenye mabwawa yaliyolimwa hali ya hewa ilikuwa na joto zaidi, na mbu waenezao malaria walikuwa wengi zaidi majumbani. Sababu yake ni nyepesi: mafunjo hutia kivuli, maji ya kivulini ni baridi, na mbu aina ya Anofelesi gambie hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua. Kila kishimo cha kuchotea maji ya bustani, kila shimo la tofali lililoachwa wazi kando ya mto, ni kitalu chake.

Kichocho nacho kina njia yake. Konokono wanaobeba vimelea vyake hawapendi maji yaendayo kasi. Mto uliojaa mchanga hutanda, hugawanyika na kuacha madimbwi yaliyotulia, na hapo ndipo watoto huogelea. Katika vijiji vya chini, karibu na ziwa ambako joto ni kubwa, hatari hii ni kubwa kuliko juu. Dawa ya prazikwanteli tunayo na inagawiwa mashuleni, lakini mtoto aliyemeza dawa Jumatatu anaweza kuambukizwa tena Jumamosi.

Historia ya tiba katika ukanda huu ina kinaya kidogo kuhusu vichaka vya mtoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulipotapakaa kandokando ya Ziwa Tanganyika, madaktari wa kikoloni waliagiza vichaka vya kingo vifyekwe ili mbung'o akose kivuli. Kwa wakati wao na kwa silaha chache walizokuwa nazo walikuwa na hoja. Wapo wazee ambao bado husema kwamba kufyeka mtoni ni usafi, na elimu yetu inapaswa kujua fikra hiyo imetoka wapi kabla ya kuipinga.

Bustani ya mama

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa karatasi ni sheria nzuri. Sasa tuipime shambani. Familia yenye kipande cha upana wa mita 70 kikiufuata mto, ikiacha mita 60, imeacha zaidi ya ekari moja. Ekari hiyo si ekari yoyote tu. Ni ile yenye unyevu mwezi wa Agosti, pale ambapo uwanda mzima umekauka na kugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo inayotoa chainizi, figiri, nyanya, vitunguu na maharage mabichi. Mara nyingi ni mwanamke anayeilima, na fedha yake ni ile isiyopitia mkononi mwa mume.

Hapa daktari wa watoto yuko matatani. Bustani ileile inayobomoa chujio la mto ndiyo inayoweka mboga za majani katika sahani ya mtoto aliyezungukwa na mahindi. Nikimwambia mama aondoke mtoni, nimemwondolea mtoto maradhi kwa mkono mmoja na mlo kamili kwa mkono mwingine. Mwelimishaji asiyeliona hili huandika katika ripoti yake kwamba jamii ni sugu. Jamii si sugu. Imepiga hesabu zake.

Njia ya kati ipo, na haina siri. Kwanza, ukanda wa mita 60 haulazimiki kuwa pori tupu. Mita za karibu kabisa na maji, hata kumi za mwanzo, ndizo zenye kazi kubwa ya kukamata tope, na hizo hazina majadiliano: matete, nyasi na miti ya asili vibaki na jembe lisifike. Zinazofuata zinaweza kupandwa mazao ya kudumu yasiyohitaji kulima kila msimu, kama miti ya matunda na mabingobingo ya kulishia ng'ombe aliyefungwa zizini. Najua kwamba sheria haikuandikwa kwa ngazi hizo. Lakini kijiji kilichoanza na mita kumi zinazolindwa kweli kimetangulia mbele ya kijiji chenye mita 60 za kwenye kibao cha chuma. Pili, maji yaifuate bustani mahali ilipohamia: kisima kifupi kilichofunikwa chenye pampu ya kukanyaga kwa miguu, kikichimbwa nje ya ukanda, kinamtosha mwanamke mwenye robo ekari. Tatu, ng'ombe wapewe birika la kunyweshea mbali na mto, kwa sababu uzio bila birika ni mwaliko wa ugomvi.

Kuhusu miti, neno moja. Mikaratusi hukua haraka na huuzika, ndiyo maana imependwa, lakini hunywa maji mengi na haifai kabisa kwenye chemchemi. Mradi unaogawa miche ya mikaratusi kwa jina la kuhifadhi vyanzo vya maji unapaswa kukataliwa kwa adabu.

Wafipa hawaanzi sifuri katika mambo haya. Kilimo chao cha intumba, ambacho majani hufukiwa katika vilima vya udongo mwishoni mwa mvua ili yaoze na kuurutubisha, kimeushika udongo wa uwanda huu kwa vizazi vingi kabla ya mbolea ya viwandani. Mteremko uliofunikwa kwa vilima vya intumba hautoi tope kama ule uliolimwa kwa matuta yanayofuata mteremko. Bwana shamba anayekuja na somo la kuzuia mmomonyoko angeanza kwa kuwauliza wenyeji walichoacha na kwa nini walikiacha.

Swali la nani alipe halikwepeki. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, uliwahi kuendeshwa mpango ambao watumiaji wakubwa wa maji ya Mto Ruvu walichangia malipo kwa wakulima wa juu waliochimba makinga maji na kupanda miti. Malipo yalikuwa madogo, lakini kanuni yake ni sahihi. Katika Kalambo hakuna jiji wala kiwanda cha soda chini ya mto. Kuna wavuvi wa Tanganyika, na kuna bajeti ya afya ya halmashauri, ambayo kila msimu wa mvua hununua maji ya mishipa, zinki na ORS. Shilingi iliyotumika kujenga birika la ng'ombe ihesabiwe katika fungu la kinga. Kwa sasa tunaihesabu katika fungu la mifugo, na kila idara inasubiri mwenzake aanze.

Kingo mbili, serikali mbili

Yote niliyoyasema yanakuwa nusu kazi ikiwa ukingo mmoja utapandwa na mwingine ukaendelea kulimwa. Tope halina pasipoti. Kipindupindu vilevile. Kati ya Agosti 2015 na mwanzo wa 2018 Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 30,000 wa kipindupindu na vifo zaidi ya 500. Zambia, katika mlipuko ulioanza Oktoba 2023, ilipata wagonjwa zaidi ya 20,000 na kupoteza watu zaidi ya 700. Barabara ya Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasesya hupitisha magari ya mahindi na abiria kila siku, na mbali na kituo cha mpaka watu huvuka kwa miguu kwenda msibani, sokoni na kanisani.

Mikataba ipo. Nchi nne za Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mwezi Juni 2003 mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, na mamlaka ya pamoja ikawekwa Bujumbura. Mito inayoingia ziwani imo chini ya mwavuli huo. Upande wetu Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko Kigoma, na Wakala wa Huduma za Misitu husimamia hifadhi ya maporomoko. Bujumbura na Kigoma ni mbali na Kapozwa. Mwenyekiti wa kijiji anayetaka kuzungumza na mwenzake wa ng'ambo ya mto kuhusu ng'ombe hahitaji itifaki ya mataifa manne. Anahitaji kikao chini ya mti, muhtasari ulioandikwa, na sheria ndogo za kijiji zinazofanana pande zote mbili.

Mfano mzuri wa karibu ni Mto Mara. Tangu mwaka 2012 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, zikipokezana uenyeji, na wanafunzi, wafugaji na viongozi wa nchi zote mbili hukutana. Maadhimisho peke yake hayasafishi maji, lakini huwafanya watu wa juu na wa chini ya mto waonane uso kwa uso. Mto Songwe, unaotutenganisha na Malawi, una tume yake yenye ofisi Kyela, maana mto ule umekuwa ukihama njia kwa mafuriko na kuwahamisha watu nchi bila wao kutoka majumbani mwao. Kalambo, unaopita katika miamba na korongo, haujatufanyia kiroja hicho, na pengine ndiyo sababu umesahauliwa.

Tena Kalambo una hadithi ambayo mito mingine haina, na walimu wangeitumia. Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark aligundua, upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, mahali palipokaliwa na binadamu tangu kale mno. Mwaka 2023 watafiti walitangaza katika jarida la Nature kwamba hapo wamekuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yenye umri wa takriban miaka 476,000. Ni umri unaotangulia kutokea kwa binadamu wa aina yetu. Mti huoza, haya hayakuoza kwa sababu udongo wa ukingo ule umekuwa umelowa maji wakati wote. Bonde likikauka, kilichobaki chini yake kitaanza kuoza.

Ya nyumbani na ya shuleni

Wakati mto unasubiri miti yake ikue, maji ya leo lazima yanywewe leo. Maji yenye tope yaachwe yatuame usiku kucha katika ndoo yenye mfuniko, kisha yamiminwe taratibu kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Katika vijiji vya Bangladesh njia hii, kwa kutumia kitambaa cha sari kuukuu, ilipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya kuchuja ndipo klorini itiwe. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, pamoja na mwenye utapiamlo, maji yachemshwe kwa sababu ya kile kimelea kisichoogopa klorini. Maji yake ni kidogo, na kuni zake ni chache. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji kabisa. Maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa jua kali. Akiharisha, apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya na kula, na akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia au akishindwa kunywa, apelekwe kituoni bila kungoja asubuhi.

Vitalu vya miche vianzishwe mwezi wa Juni ili miche iwe na nguvu ya kuhamishwa mvua za Novemba zikishika. Na kabla mche wa kwanza haujapandwa, kuna kipimo ambacho shule ya msingi yoyote ya mpakani inaweza kukianza kwa chupa moja inayoonyesha ndani. Kila Jumatatu, mahali palepale, wanafunzi wachote maji ya mto, waiache chupa dirishani hadi Jumanne, kisha wapime kwa rula kina cha tope lililotuama na kuandika katika daftari. Shule ya ng'ambo ifanye hivyohivyo. Namba za upande wa pili tayari zipo: rejesta ya MTUHA ya wagonjwa wa nje katika zahanati ya kijiji huonyesha ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano waliletwa kwa kuhara wiki ileile. Mganga mfawidhi na mwalimu wa sayansi wakikutana mara moja kwa mwezi na kuziweka namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, mkutano wa kijiji utakuwa na kitu cha kutazama wakati wa kuamua mita ngapi ziachwe.